Seti ya umeme ya volti 72 kwa bodaboda: mapitio ya kipande kwa kipande

Seti inayopitiwa hapa ni ile inayoagizwa kwa vipande na kufungwa kwenye fremu ya Boxer au TVS baada ya injini kutolewa: mota ya kati ya kilowati 3, kontrola ya volti 72 (kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota), betri ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfati) yenye seli 24 za 40 Ah (ampea-saa), BMS ya kuilinda (saketi inayosimamia kila seli), chaja ya ampea 10, kifaa cha kushusha volti 72 hadi 12 kwa ajili ya taa na honi, kontakta (swichi kubwa ya umeme mkuu), fyuzi, na mkono wa mafuta wa kielektroniki. Mara nyingi vitu hivi havitoki kiwanda kimoja. Mota ina mtengenezaji wake, kontrola ina wake, na betri huenda imeundwa na fundi wa mtaa wa pili. Uzuri wa mfumo huu uko hapo: kikifa kimoja, unabadilisha hicho tu na pikipiki inarudi kijiweni. Ubaya wake uko hapohapo, kwa sababu hakuna aliyewajibika kuhakikisha kwamba vipande hivyo vinaelewana.

Vipande vyenyewe siku hizi ni vizuri. Mota ya aina hii ikitunzwa inaweza kuizidi fremu kwa umri. Kinachoharibu seti nyingi ni maungio: pale betri inapokutana na kontrola, pale waya unapoingia kwenye soketi, pale volti zilizowekwa kwenye programu ya kontrola zisipolingana na zile za BMS. Mapitio haya yatakaa zaidi huko.

Volti 48 au 72

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni bei. Lingepaswa kuwa la volti. Kanuni za Umoja wa Mataifa, R100 kwa magari na R136 kwa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, zinahesabu kuwa umeme mkubwa ni ule unaozidi volti 60 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri). Betri ya LFP yenye seli 16, ile inayoitwa "48", ina volti 51.2 za kawaida na 58.4 ikijaa, kwa hiyo inabaki chini ya mstari huo. Betri ya seli 24, inayoitwa "72", ina volti 76.8 za kawaida na 87.6 ikijaa. Sokoni zote mbili zinaitwa volti ndogo, lakini ya pili imeshavuka mstari, na mkono wenye jasho unaijua tofauti. Anayefungua betri ya 72 avue pete na saa, avae glavu kavu, na atumie spana iliyofunikwa mpini kwa mpira au iliyoviringishwa utepe wa umeme mpaka karibu na mdomo. Spana ikidondoka juu ya vichwa viwili vya betri haikupi nafasi ya pili.

Kwa nini basi tuchague 72? Kwa sababu ya milima. Pikipiki ya kilo 120, dereva, abiria na mzigo kidogo, jumla kilo 280, ikipanda mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, inahitaji karibu kilowati 2.6 kwenye tairi, na betri itatoa kama kilowati 3.1 ukihesabu kinachopotea njiani. Kwa betri ya 72 hiyo ni ampea 40. Kwa betri ya 48 ni ampea 60. Joto kwenye kebo na kwenye kila kiungio hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kebo ileile itapata joto mara 2.25. Kigali, Kampala, Mbeya au Kisii, chukua 72 bila kusita. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambako barabara nyingi ni tambarare, 48 inatosha kabisa na ni salama zaidi kwa fundi anayejifunza.

Asiyeamini kwamba 48 inaweza kazi ya kweli aitazame Citroën Ami, kigari cha watu wawili kilichoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 2020: mfumo wa volti 48, mota ya kilowati 6, betri ya kilowati-saa 5.5, na mwendo wa juu wa kilomita 45 kwa saa. Ni mfumo mdogo uliopangwa vizuri kwa kazi iliyojulikana tangu mwanzo.

Mota

Kuna mota ya kwenye tairi na mota ya kati inayovuta cheni. Ya kwenye tairi ni rahisi kufunga: haina cheni, haina sproketi, haina kelele. Lakini haina gia pia. Kwenye mlima ule wa juu tairi inahitaji msukumo wa karibu Nm (nyutoni-mita) 90, na mota ya tairi lazima itoe zote yenyewe, polepole, huku ampea zikigeuka joto. Zaidi ya hayo, uzito wake uko chini ya shokapu, kwa hiyo kila shimo linaigonga moja kwa moja. Kwa abiria wawili na milima, mota ya kati ndiyo jibu.

Hesabu ya gia ifanyike kabla ya kununua sproketi. Chukua mota yenye gia ya ndani ya 1:2.35, sproketi ndogo ya meno 14 na kubwa ya meno 42. Uwiano wa jumla ni 7.05. Tairi ya 3.00-17 inakwenda kama mita 1.8 kwa mzunguko mmoja. Mota ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pikipiki inakwenda kilomita 61 kwa saa. Madereva wengi watataka zaidi, na fundi atawawekea sproketi ya meno 36 nyuma: mwendo unafika 71. Lakini sasa kila mlima unadai msukumo zaidi kutoka kwa mota kwa asilimia 17, na joto ndani ya nyaya zake linapanda kwa asilimia 36. Kilomita hizo 10 za mwendo zinalipwa na mota kila siku. Tunashauri meno 42, na atakayebisha apande mlima mmoja na abiria kisha aguse ganda la mota.

Au bora asiguse, asome kipimajoto. Mota nzuri ina sensa ya joto ndani, na seti isiyo na waya wa sensa hiyo hatuipendekezi kwa kazi ya abiria. Sumaku za mota hizi ni za neodimiamu. Za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80 hivi, za daraja la SH zinavumilia hadi karibu 150. Sumaku ikishapoteza nguvu kwa joto hairudi hata ikipoa, na mota hiyo itakula ampea nyingi kwa msukumo mdogo maisha yake yote. Weka kontrola ianze kupunguza nguvu mota ikifika nyuzi 120 na ikate kabisa kwenye 140. Kama muuzaji hajui daraja la sumaku zake, anza kupunguza kwenye 90.

Cheni inataka mstari ulionyooka. Sproketi mbili zikipishana zaidi ya milimita 2, cheni ya 428 itaanza kulia na kula meno upande mmoja. Bamba la kushikia mota liwe chuma cha milimita 8, likazwe kwenye matundu ya awali ya injini. Kuchomelea vishikio vipya kwenye fremu hatukushauri, maana fremu ya Boxer ni ya bomba jembamba na moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba pembeni mwa mshono.

Sensa za Hall

Waya tano nyembamba zinatoka kwenye mota kando ya zile tatu nene: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, na tatu za ishara. Ni za sensa za Hall, vipima-sumaku vinavyoiambia kontrola mota imefika wapi kwenye mzunguko wake; ndizo macho ya kontrola. Zikifa, pikipiki inatetemeka ikianza kuondoka, inarudi nyuma kidogo, au inagoma kabisa huku mota ikinguruma. Wengi hukimbilia kubadilisha kontrola. Kabla ya hapo, washa swichi, weka mita kwenye hasi na waya mmoja wa ishara, zungusha tairi polepole kwa mkono: mita iruke kati ya 0 na volti 5 hivi. Fanya hivyo kwa kila waya. Usiporuka mmoja, tatizo umelipata, na mara nyingi halipo hata ndani ya mota.

Fungua soketi ya Hall ya pikipiki iliyooshwa kwa presha ya kuoshea magari kwa miezi kadhaa. Ndani utaona pini moja imevaa unga wa kijani, na waya wake ukivutwa kidogo unabaki mkononi. Mwambao, kwenye chumvi, hali hiyo inafika mapema zaidi. Dawa ni kugeuza soketi itazame chini, kuijaza grisi ya umeme, na kuipitisha waya kwanza chini ya soketi kisha ipande, ili maji yadondoke kwenye kona badala ya kutiririka hadi ndani.

Rangi za nyaya za mota, njano, kijani na buluu, hazina sheria moja. Njano ya mota inaweza kuwa si njano ya kontrola. Kontrola nyingi za sasa zina hali ya kujifunza: inua tairi ya nyuma, unganisha waya wa kujifunzia au tumia programu ya simu, iache izungushe mota yenyewe. Ikimaliza, endesha tairi ikiwa hewani na usome ampea. Ikitulia kwenye 2 hadi 5, mpangilio ni sahihi. Ikivuta zaidi ya 10 bila mzigo wowote, simamisha mara moja. Pikipiki itatembea hivyo, ndiyo, lakini mota itaungua ndani ya wiki.

Mkono wa mafuta

Una waya tatu, na mmoja wao unaweza kuua mtu. Ukiwa umefungwa, waya wa ishara unatoa volti 0.8 hivi, ukizungushwa wote, kama 4.2. Waya wa hasi ukikatika ndani ya mpini, ishara inapanda karibu na volti 5, na kontrola isiyo na ulinzi inaelewa kwamba dereva anataka nguvu zote. Kwa hiyo ndani ya programu weka kikomo: ishara ikizidi volti 4.5, mota izime. Kisha jaribu kweli, tairi ikiwa hewani: chomoa waya wa hasi wa mkono wa mafuta. Mota isipozima, seti hiyo haijawa tayari kubeba mtu. Swichi ya breki nayo iungwe, breki zote mbili, ili ukishika breki mota ikate hata kama mkono umekwama. Fundi anayeacha waya huo wa breki ukining'inia, na wapo wengi, hajamaliza kazi.

Betri

LFP ni chaguo sahihi kwa kazi hii. Ni nzito kuliko NMC, lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti: pakiti ya seli 24 za 40 Ah, yaani kilowati-saa 3.07, inafika kama kilo 28. Lakini inavumilia joto letu, inatoa maelfu ya mizunguko ya kuchaji ikitunzwa, na ikijeruhiwa haiwaki kirahisi kama NMC. Mtu anakaa juu yake siku nzima. Hoja ya uzito haina nguvu mbele ya hiyo.

Karatasi ya vipimo vya seli isomwe. Seli nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya sola, na zinaruhusu kutoa 1C tu mfululizo, yaani ampea 40 kwa seli ya 40 Ah. Weka kontrola ampea 40 za mfululizo na 60 kwa sekunde chache za kuondoka. Anayeweka 100 ili pikipiki irushe gurudumu la mbele anakula betri yake.

Mtikisiko wa bodaboda ni adui ambaye betri ya sola haijawahi kukutana naye. Seli za mstatili zina ganda la alumini lililovikwa plastiki nyembamba ya buluu, na aghalabu ganda hilo lina umeme. Seli mbili zikisuguana miezi mitatu kwenye barabara ya vumbi, plastiki inachanika na maganda yanagusana. Weka bamba la faibaglasi la milimita 1 kati ya kila seli na seli, zibane zote kwa mabamba ya mwisho na fito, na tumia viunganishi vinavyopinda badala ya shaba ngumu iliyonyooka. Ile ngumu inahamisha kila mtikisiko hadi kwenye skrubu ya seli. Skrubu za M6 zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa Nm alizotaja mtengenezaji wa seli, kwa kawaida kati ya 4 na 6. Baada ya kilomita 500 za kwanza, fungua na uangalie tena.

Pale betri inapokutana na kontrola

Hapa ndipo seti nyingi zinapofia.

Anza na kikomo cha chini cha volti, betri ikiisha. BMS inalinda kila seli; kontrola inaona jumla tu. Ukiachia vyote viwili kwenye mipangilio ya kiwandani, BMS inaweza kukata kwanza, na inakata yote kwa mara moja, bila onyo. Dereva yuko katikati ya mzunguko wa barabara, lori liko nyuma yake, na pikipiki imekuwa baiskeli. Kwa hiyo kontrola ipewe zamu ya kwanza: ianze kupunguza nguvu betri ikifika volti 72 (3.0 kwa seli), isimame kwenye 69.6 (2.9 kwa seli), na BMS ibaki mlinzi wa mwisho kwenye 2.6 kwa seli. Dereva ataisikia pikipiki ikichoka taratibu, atasogea pembeni.

Hata hivyo mpango huo unaanguka kama seli hazilingani. Seli 23 zikiwa na volti 3.1 na moja ina 2.6, jumla ni 73.9. Kontrola inaona betri yenye afya. BMS inakata. Dereva anarudi gereji akisema "inazima ovyo", na anauziwa kontrola mpya. Soma volti za seli moja moja kwenye programu ya BMS betri ikiwa karibu kuisha; tofauti ikizidi volti 0.1, shida ni ulinganifu. BMS nyingi zinalinganisha kwa miliampea 60 hivi, na seli iliyopitwa kwa 2 Ah itahitaji saa 33 kuifikia. Tena LFP hulinganishwa ikiwa karibu kujaa, juu ya volti 3.4 kwa seli. Dereva anayechaji nusu nusu kila siku hampi BMS wake nafasi. Angalau mara moja kwa wiki iachwe kwenye chaja usiku mzima.

Sasa kikomo cha juu, betri ikijaa, ambako uharibifu ni wa ghali zaidi. Breki ya kurudisha umeme inageuza mota kuwa jenereta. Fikiria dereva anayekaa mlimani: amechaji usiku, asubuhi betri imejaa, na safari ya kwanza ni kuteremka. Anaachia mkono, mota inarudisha ampea 20, seli moja inagusa 3.65, na BMS inafunga mlango wa kuchaji. Ampea 20 hizo hazina pa kwenda. Zinaingia kwenye kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za kontrola, na kama kapasita hizo ni mikrofaradi 2,000, volti zinapanda kwa volti 10 kila milisekunde. Transista (swichi za ndani) za kontrola nyingi za 72 zina uwezo wa volti 100. Betri iko 87. Umebakiwa na milisekunde moja na kidogo. Kinachofuata ni mlio mfupi, harufu, na kontrola iliyokufa, na muuzaji atasema ni maji.

Kinga yake haigharimu kitu: ndani ya kontrola, zima breki ya umeme betri ikizidi volti 84, na chini ya hapo ipe kikomo cha ampea 15. Chaja nayo isijaze mpaka 87.6 kila siku, 86.4, yaani 3.6 kwa seli, inatosha. Kontrola isiyo na mpangilio huu, izime breki ya umeme kabisa. Unapoteza umeme kidogo wa mteremko, unabaki na kontrola.

Kuna suala la cheche. Kapasita tupu zikiunganishwa ghafla na volti 87, zinavuta mamia ya ampea kwa muda mfupi sana. Cheche hiyo inayeyusha uso wa kontakta kidogo kila siku, mpaka siku moja kontakta inaganda na funguo haizimi tena pikipiki. Weka rizista ya omu 100, ya wati 10 au zaidi, sambamba na kontakta: ijaze kapasita kwa sekunde 1, ndipo kontakta ifunge. Ampea hazizidi 0.9. Kwa betri ndogo za kuchomoa, soketi ya XT90-S ina rizista yake ndani na inafanya kazi hiyo.

Fyuzi

Fyuzi za gari za kuchomeka zimeandikwa volti 32. Kwenye volti 87 fyuzi hiyo itakatika, lakini umeme wa DC utaendelea kuruka kwenye pengo kama moto wa kuchomelea, na sanduku la fyuzi litawaka. Swichi za kujikata za nyumbani, za AC, zina kasoro hiyohiyo kwenye DC. Tafuta fyuzi iliyoandikwa volti 100 DC au zaidi, ampea 80 kwa seti hii, na uifunge ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa chanya cha betri. Kipande cha kebo kilichoko kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi.

Kebo kuu iwe milimita za mraba 16, vichwa vibanwe kwa koleo la kubania, visilehemiwe kwa risasi peke yake; risasi hupasuka kwa mtikisiko. Kichwa kilichobanwa vibaya na kuwa na miliomu 5 tu, kwa ampea 60, kinatoa wati 18 za joto. Hiyo ni pasi ndogo ya kulehemu, imefichwa chini ya kiti. Baada ya kupanda mlima, simama, zima, na pitisha mkono karibu na kila kiungio bila kugusa chuma. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, hicho kifunguliwe siku hiyohiyo. Mwambao nunua vichwa vilivyopakwa bati.

Betri mbili

Wauzaji wanaisifia seti hii kwamba unaweza kuongeza betri ya pili. Unaweza, kwa masharti. Betri mbili zenye tofauti ya volti 4, zikiunganishwa sambamba kwenye njia yenye upinzani wa omu 0.08, zinapigana kwa ampea 50 mara moja, iliyojaa ikiichaji iliyoisha bila kipimo. Pima kwanza, tofauti isizidi volti 0.5. Mpango mzuri zaidi ni kila pakiti kuwa na BMS na kontakta yake, zikizungumza na kontrola kwa laini ya CAN (njia ya mawasiliano kati ya vifaa vya chombo), na kontrola ndiyo iamue ipi ifunguliwe. Laini hiyo ni nyaya mbili zilizosokotwa, na kila mwisho una rizista ya omu 120. Ikileta ujumbe wa kupotea mawasiliano, zima umeme, pima kati ya nyaya hizo mbili: usome omu 60. Ukisoma 120, rizista moja haipo au waya umekatika. Ukisoma 40, kuna mtu kaweka ya tatu.

Matumizi

Kwenye tambarare, kilomita 45 kwa saa, hesabu wati-saa 35 kwa kilomita. Pakiti moja ikitumika asilimia 90 inafika karibu kilomita 79. Kuchaji tena kwa chaja ya ampea 10 ni saa 4, na soketi ya kawaida ya nyumbani inatosha kwa sababu chaja inavuta kama kilowati 1. Kilomita 100 ni yuniti 4 za LUKU au za tokeni, ukijumlisha zinazopotea kwenye chaja; linganisha mwenyewe na lita 2 na zaidi za petroli kwa umbali huohuo.

Kwa hiyo dereva wa kijiweni anayekwenda kilomita 120 kwa siku hatatosheka na pakiti moja bila kuchaji mchana. Huyo, kama yuko Kigali ambako Ampersand ina vituo vya kubadilisha betri, au Nairobi ambako Roam na Spiro wanauza pikipiki zilizokamilika, apige hesabu ya pikipiki kamili kwanza. Seti ya vipande inamfaa zaidi mwenye fremu nzuri na injini iliyochoka, mwenye safari fupi zinazorudi mahali pamoja: kupeleka maji, mkate, vifurushi, au kikundi chenye fundi wake.

Kwa bajaji seti hii ya kilowati 3 haifai milimani. Bajaji na abiria wake ni kilo 700. Mlima uleule kwa kilomita 20 kwa saa unataka zaidi ya kilowati 5 kutoka kwenye betri. Tambarare ya pwani inawezekana, kwa mwendo wa 40.

Kuna jambo la karatasi pia. Kadi ya pikipiki inataja namba ya injini. Injini ikitoka, kadi na bima havilingani tena na chombo, na siku ya ajali bima itaanzia hapo. Ulizia mamlaka ya usajili kabla ya kununua mota.

Mwisho, unapolipa, usiondoke na vipande tu. Dai faili la mipangilio ya kontrola, nenosiri la BMS, mchoro wa nyaya wenye rangi halisi za seti yako, karatasi ya seli, na soketi za akiba za Hall na za mkono wa mafuta. Muuzaji anayekataa kutoa nenosiri la BMS anakuuzia betri ambayo fundi mwingine hataweza kuitengeneza. Kwa huyo usinunue, hata akishusha bei.